Mzigo Uliokunjwa

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima. Yamepigwa chapa kwa ajili ya wanafunzi wanaotaka kuyasoma tena kwa macho yao wenyewe.

Hamjambo nyinyi wa Kilindoni, na nyinyi wa Kirongwe, Baleni, Kanga na Bweni, na ndugu zetu wa visiwa vidogo, Chole, Juani na Jibondo. Sogeeni karibu na redio. Mwalimu wa kikundi, tafadhali tazama kama kila mtu ana kalamu na karatasi, maana leo tutahesabu herufi.

Somo letu la leo ni juu ya intaneti. Nataka mlijue jambo moja ambalo halionekani kwa macho. Ukurasa wa intaneti unapokuja katika simu yako, mara nyingi hauji ukiwa umetandazwa. Huja umekunjwa, kama mkeka. Simu yako huukunjua, ndipo wewe unausoma. Mafundi wengi huita kazi hiyo kubana data. Mimi nitasema kukunja, kwa sababu kitu kilichobanwa huenda kikapondeka, lakini mkeka uliokunjwa vizuri ukiutandika tena ni mkeka ule ule, ukili kwa ukili.

Labda mzee mmoja hapo nyuma anasema, “Hayo ni mambo ya mafundi wa Dar es Salaam. Sisi yanatuhusu nini?” Ni swali zuri. Yanakuhusu kwanza kwa sababu ni wewe unayelipa. Kila siku watu wanakwenda dukani kununua vocha, wanaweka bando katika simu, na bando likiisha wanauliza limekwenda wapi. Basi tulihesabu.

Herufi moja ya kawaida ina uzito wa baiti 1. Baiti 1,000 ni KB 1. KB 1,000 ni MB 1. (Wengine huhesabu 1,024 badala ya 1,000. Tofauti hiyo isitusumbue leo.) Tuseme kuna ukurasa wa bei za samaki, na maandishi yake yana uzito wa KB 200. Una bando la MB 100, yaani KB 100,000. Andika 100,000, gawanya kwa 200. Umepata ngapi? Umepata 500. Unaweza kuufungua ukurasa ule mara 500. Sasa tuseme ukurasa ule ule umekunjwa, ukabaki robo, yaani KB 50. Andika tena 100,000, gawanya kwa 50. Jibu ni 2,000. Bando ni lile lile, pesa ni zile zile, maneno ni yale yale, lakini mara ya kwanza umesoma 500 na mara ya pili umesoma 2,000. Nami sikuchagua robo ili nikufurahishe. Kurasa za maandishi kwa kawaida hupungua hivyo, na nyingine hupungua zaidi.

Tena liko jambo zito kuliko bando. Mnakumbuka mwezi wa Mei mwaka 2024. Tarehe 4 ya mwezi ule kimbunga kilichopewa jina la Hidaya kilifika nchi kavu katika kisiwa cha Mafia. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikuwa imekwisha kutoa tahadhari kabla ya siku hiyo. Fikirini habari ya tahadhari inavyosafiri. Redio ikisema mara moja, wote wenye redio husikia, wawe kumi au wawe elfu kumi, kwa kuwa sauti ni moja. Ukurasa wa intaneti si hivyo. Kila simu huomba nakala yake peke yake. Watu 300 wakiomba ukurasa mmoja, nakala 300 lazima zipite, na zote zinagombea njia ya mnara mmoja. Saa watu wanapouhitaji ukurasa kuliko siku zote ndiyo saa njia inapojaa kuliko siku zote. Kama kila nakala imekunjwa ikawa robo, njia ile ile hupitisha nakala nne mahali pa moja. Baba anayetaka kujua kama atie mashua majini au aivute pwani anaipata habari mapema, wala hakai akitazama kiduara kinachozunguka.

Siku nane baadaye, tarehe 12 Mei 2024, Tanzania ilipatwa na jambo jingine. Nyaya mbili za intaneti zilizolazwa chini ya bahari, Seacom iliyoanza kazi mwaka 2009 na EASSy iliyoanza mwaka 2010, ziliharibika, na intaneti ya nchi yetu na ya majirani kadhaa ikawa dhaifu sana. Siku kama hizo ndipo tunapoona kwamba njia ina upana wake, na upana huo unagawanywa. Mtu hawezi kuupanua mnara kwa mikono yake. Lakini mzigo unaweza kukunjwa.

Desturi ya kukunja maneno si mpya katika pwani yetu. Mwaka 1879 waya ulilazwa chini ya bahari kutoka Aden hadi Unguja, ukaendelea kusini mpaka Msumbiji na Durban. Ulikuwa waya wa kampuni iliyoitwa Eastern and South African Telegraph. Wazee waliita kitu kile simu, kabla haijaja simu ya kusemea kwa mdomo. Mtu akipeleka simu alilipa kwa hesabu ya maneno. Maneno mengi, pesa nyingi. Wafanyabiashara wa dunia hawakupenda kulipa sana, basi walinunua vitabu vya maneno ya mkato. Kimoja kilichojulikana sana kilitungwa na William Clauson-Thue, kikatolewa kwanza mwaka 1873, jina lake ABC Code. Katika vitabu vya namna ile neno moja lilisimama mahali pa sentensi nzima. Mfanyabiashara aliandika neno moja, akalipa neno moja, na mwenzake ng'ambo ya bahari alifungua kitabu chake akasoma sentensi kamili.

Lakini angalieni sharti lake. Mwenzake lazima awe na kitabu kile kile. Kama alikuwa na kitabu kingine, au hakuwa na kitabu, neno lile lilikuwa upuuzi mtupu, na labda mali ilipotea. Likumbukeni sharti hilo, maana intaneti nayo inalo.

Sasa chukueni kalamu. Andikeni mistari hii mitatu, mmoja chini ya mwingine:

bei ya pweza Kilindoni
bei ya ngisi Kilindoni
bei ya dagaa Kilindoni

Hesabuni herufi za mstari wa kwanza, mkiacha nafasi zilizo katikati ya maneno. “Bei” ina 3, “ya” ina 2, “pweza” ina 5, “Kilindoni” ina 9. Jumla ni 19. Mstari wa pili pia ni 19, na wa tatu 19. Zote pamoja ni 57.

Tazameni tena mistari ile. Mmeandika “bei ya” mara tatu, na “Kilindoni” mara tatu. Mkono umechoka bure. Tufanye mapatano. Tarakimu 1 maana yake ni “rudi mstari wa kwanza, chukua maneno mawili ya mwanzo.” Tarakimu 2 maana yake ni “rudi mstari wa kwanza, chukua neno la mwisho.” Andikeni sasa:

bei ya pweza Kilindoni
1 ngisi 2
1 dagaa 2

Mstari wa kwanza bado ni herufi 19. Mstari wa pili una herufi 5 na tarakimu 2, jumla 7. Wa tatu vile vile 7. Jumuisheni: 19 na 7 na 7 ni 33. Tumetoka 57 tukafika 33, wala hakuna samaki aliyepotea. Mpeni jirani yako karatasi ya pili. Kama anayajua mapatano yetu, atawaandikia upya mistari mitatu kamili, herufi zote 57.

Kazi hii ndiyo inayofanywa na mashine. Mashine husoma maandishi toka mwanzo, na kila inapokuta kitu ilichokwisha kukiona haikiandiki tena, huandika tu “rudi nyuma hatua kadhaa, chukua herufi kadhaa.” Njia hiyo ilielezwa na mabwana wawili wa Israeli, Jacob Ziv na Abraham Lempel, katika mwaka 1977. Kurasa za intaneti zinafaa sana kwa kazi hii, kwa sababu nyuma ya maneno unayoyasoma kuna maagizo mengi ya kupanga ukurasa, na maagizo hayo hujirudia mamia ya mara.

Iko hila ya pili, ya zamani kidogo, iliyotolewa mwaka 1952 na David Huffman, ambaye alipoivumbua alikuwa bado mwanafunzi huko Marekani. Herufi inayotumika mara nyingi hupewa alama fupi, na herufi inayotumika mara chache hupewa alama ndefu. Andikeni “dagaa wa Mafia.” Herufi ni 12. Hesabuni “a” tu. Ziko 6, nusu nzima! Basi kuna haja gani ya kuipa “a” alama ndefu? Lugha yetu ina “a” nyingi, naona Huffman angefurahi kuijua.

Hila hizo mbili zikiunganishwa ndizo zilizo ndani ya programu iitwayo gzip, iliyotolewa mwaka 1992 na Jean-loup Gailly na Mark Adler. Ndiyo inayojulikana kuliko zote katika kukunja kurasa. Ndugu yake mdogo ni Brotli, aliyetolewa na Google mwaka 2015. Jina lake limetokana na mkate mdogo wa Uswisi. Kwa maandishi Brotli mara nyingi hukunja kidogo zaidi kuliko gzip. Wako na wengine, lakini hawa wawili watatutosha.

Sasa tufike penye kiini. Unapogusa ukurasa katika simu yako, simu hupeleka ombi kwa kompyuta kubwa inayotunza ukurasa ule. Kompyuta hiyo huitwa seva. Seva hurudisha jibu. Ombi na jibu vyote vina sehemu mbili: kuna maneno machache juu, kama maandishi ya juu ya bahasha, na kuna mzigo ndani. Tukiyatafsiri mazungumzo yao, ni kama hivi:

Simu: “Naomba ukurasa wa hali ya hewa. Ninajua kukunjua gzip na Brotli.”

Seva: “Huu hapa. Nimeukunja kwa gzip.”

Yale maneno ya simu juu ya bahasha yameandikwa kwa Kiingereza, Accept-Encoding, maana yake “ukunjaji ninaoukubali.” Yale ya seva ni Content-Encoding, maana yake “ukunjaji wa mzigo huu.” Andikeni maneno hayo mawili katika daftari, kwa sababu kijana wenu anayesomea kompyuta atayajua, nanyi mtaweza kuzungumza naye. Hiki ndicho kitabu cha wafanyabiashara wa zamani. Simu inasema kwanza ni vitabu gani inavyo, na seva inachagua kimojawapo na kukitaja. Simu isiposema kitu, seva yenye busara hupeleka ukurasa bila kuukunja. Utakuwa mzito, lakini utasomeka.

Utaona kwamba kutaja ni kazi kubwa sawa na kukunja. Seva ikikunja mzigo ikasahau kuweka lebo, simu huona herufi za ajabu, vijiduara na alama za kuuliza, kama gunia lililofika gati bila jina. Mtu hufikiri simu yake imeharibika, akaipeleka kwa fundi, akalipa pesa, na kumbe simu haina ubaya wowote. Na seva ikiweka lebo ya gzip juu ya mzigo ambao haukukunjwa, simu hujaribu kukunjua kitu kilichokwisha tandazwa, ikashindwa, ikakuonyesha ukurasa mweupe wenye neno la kosa. Nimeona pia mzigo uliokunjwa mara mbili na kupewa lebo moja. Simu ilikunjua mara moja, ikakuta ndani mzigo mwingine uliokunjwa, ikadhani ndio ukurasa wenyewe.

Kuna na mtu wa tatu njiani. Katikati ya simu na seva mara nyingi huwapo ghala, yaani kompyuta inayoweka akiba ya kurasa zinazoombwa sana ili zisifuatwe mbali kila mara. Ni jambo jema, hasa siku nyaya zinapokatika. Lakini tuseme simu ya kwanza inajua Brotli. Ghala likachukua nakala ya Brotli, likaweka akiba. Kisha simu ya pili, ya zamani, isiyojua Brotli, ikaomba ukurasa ule. Ghala lisiloangalia litaipa nakala ile ile. Ndiyo maana seva huandika neno la tatu juu ya bahasha, Vary, kuliambia ghala: “Nakala zangu si za namna moja. Tazama kwanza anayeomba anajua nini.” Ni neno fupi, na mafundi wavivu huliacha.

Mwisho wa kila mzigo wa gzip kuna namba mbili. Moja inasema maandishi yalikuwa na uzito gani kabla ya kukunjwa. Nyingine ni namba ya ukaguzi, iliyopatikana kwa hesabu ya herufi zote. Simu ikimaliza kukunjua inaweza kuhesabu yenyewe na kulinganisha. Karani wa bandarini hufanya vivyo hivyo: cheti kinasema magunia 40, basi yashuke 40, na yakishuka 39 mzigo una kasoro.

Bahasha ya gzip na namba zake zina uzito wao pia, baiti 18. Kwa hiyo ukiukunja ujumbe mfupi, kama “Njoo,” wenye herufi 4, utapata kitu kizito kuliko ulichoanza nacho. Hakuna anayesuka pakacha ili abebe ndimu moja. Mafundi wanaojua huiambia seva isikunje vitu vidogo sana.

Sasa tugeuze safari. Mpaka hapa mzigo ulikuwa unatoka Dar es Salaam kuja Kilindoni. Je, mzigo ukitoka Kilindoni? Tuchukue kikundi cha wavuvi chenye orodha ya samaki waliovuliwa mwezi mzima, mistari 2,000, ikipelekwa kwa simu yenye mawimbi hafifu. Orodha kama ile hujirudia sana: tarehe, chombo, aina ya samaki, kilo. Inakunjika vizuri mno, na kuipeleka bila kuikunja ni hasara.

Lakini hapa kuna ugumu. Jibu linapokuja, simu ndiyo iliyosema kwanza inajua nini. Ombi linapokwenda, seva bado haijasema neno. Simu ikikunja mzigo na kuandika lebo, haina hakika kama kule uendako yuko mwenye kuufungua. Seva isiyojua hurudisha namba 415, maana yake “mzigo wa namna hii sipokei.” Nayo hiyo ndiyo seva yenye adabu. Nyingine hupokea, haikunjui, huandika takataka katika daftari lake, halafu humwambia mtumaji kwamba yote ni sawa. Mwaka 2015 ilitolewa kanuni ya kuiruhusu seva nayo iseme katika jibu lake ni ukunjaji gani inaoukubali, ili safari ya pili simu iwe inajua. Hata hivyo si seva zote zinazoifuata. Fundi mwangalifu husoma maelezo ya seva, kisha hujaribu na mzigo mdogo, kisha hutazama kule upande wa pili kama mistari imefika kama ilivyo. Baada ya hapo ndipo hupeleka ule wa mistari 2,000.

Mfano uko karibu nasi. Zahanati zetu huandika habari za wagonjwa na za chanjo katika vitabu vya MTUHA, na hesabu za vitabu hivyo huingizwa katika mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2. Mfumo huo unaweza kupokea na kutoa takwimu zilizokunjwa. Hesabu ya chanjo ikifika pungufu kwa sababu mzigo ulikatika njiani, mtu wa wilaya anaweza kudhani kijiji fulani hakina watoto wa kuchanja. Namba ya ukaguzi niliyoitaja ndiyo inayomwonya.

Mwenye kupokea mizigo naye ajihadhari. Mkeka mdogo uliokunjwa unaweza kutandazwa ukajaza nyumba. Kuna faili moja mashuhuri kwa mafundi, yenye uzito wa KB 42 tu. Ukiikunjua yote, tabaka baada ya tabaka, inafika GB 4,500,000! Imetengenezwa kwa uovu, imejaa kitu kimoja kinachojirudia. Seva inayotazama uzito wa nje peke yake huona KB 42, ikasema “Karibu,” kisha ikafa. Basi seva iwekewe mpaka wa pili, mpaka wa uzito baada ya kukunjua, na ifike hapo iache kazi mara moja.

Nimesema juu ya maandishi tu. Picha ni habari nyingine. Picha za simu kwa kawaida ni za namna iitwayo JPEG, nazo zimekwisha kupunguzwa tangu zilipopigwa. Kuzikunja tena kwa gzip ni kupoteza nguvu za betri. Tena upunguzaji wake si wa mkeka, ni wa nazi. Ukiifua nazi ukatupa makumbi, ukakausha mbata, mzigo umekuwa mwepesi na mfanyabiashara ameridhika, lakini nazi ile hairudi kuwa nzima. JPEG hutupa sehemu za picha ambazo jicho halizitazamii sana, na zikitupwa zimetupwa. Kwa picha ya harusi haidhuru. Kwa orodha ya majina, au hesabu ya pesa za kikundi, au saa ya kimbunga, hatuwezi kukubali hata herufi moja itupwe. Kwa hiyo maandishi hukunjwa kama mkeka, picha hufuliwa kama nazi, na mtu asichanganye mambo hayo mawili.

Baadhi yenu mnatumia Opera Mini katika simu ndogo. Kivinjari hicho kilianza kutolewa katika miaka ya 2005 na 2006, na kimependwa sana katika Afrika kwa kuwa kinaokoa bando. Chenyewe hupitisha ukurasa katika seva yake ya katikati, ambayo huupunguza kabla ya kukuletea, maandishi na picha pia. Faida yake naikubali. Ila mjue kwamba ukiweka upunguzaji wa mwisho kabisa, yule wa katikati ameufungua mzigo wako ili aupunguze, basi ameuona. Kwa bei ya dagaa hapana neno. Kwa mambo ya benki mimi singefanya.

Kama kikundi chenu kinataka ukurasa wake, wa bei za samaki, au wa safari za boti za Nyamisati, au wa wageni wanaokuja kumwona papa potwe, mtamlipa fundi. Kabla hamjatoa pesa, mwulizeni: “Seva yako inakunja kurasa kwa gzip au Brotli? Inaandika lebo? Tukikuletea orodha iliyokunjwa, utaipokea, na umeweka mpaka gani?” Akicheka, mwacheni acheke, kisha mrudieni swali. Mwambieni pia awaonyeshe. Katika kompyuta afungue ukurasa, abonyeze kitufe cha F12, atafute sehemu ya mtandao, aufungue ukurasa upya, agonge jina lake. Hapo kuna maneno ya juu ya bahasha, na mtayatambua kwa macho yenu wenyewe. Palipo na Content-Encoding na neno gzip, au herufi mbili “br” za Brotli, ukurasa umekunjwa. Pasipo na neno hilo, wanachama wenu wanalipia makumbi.

Kazi ya wiki hii ni hii. Ongezeni mstari wa nne katika karatasi zenu, “bei ya kamba Kilindoni,” uandikwe mzima na uandikwe umekunjwa. Pateni jumla mbili mpya. Kisha endeleeni mpaka mistari kumi, mkichagua kila mara samaki mwenye jina la herufi 5, na mtazame jinsi tofauti ya jumla mbili inavyokua. Mwalimu wa kikundi atakusanya majibu. Wiki ijayo tutaanza na jumla zenu.

Kwaherini, ndugu zangu.